Waraka Mwekundu wa Bohari ya Dawa

Nchi ninayoisimulia haipo. Wakubwa wake wamenitaka niseme hivyo kwanza kabla sijasema jingine lolote, na mimi ni mtu mtiifu. Kwa hiyo, msomaji, ukiona humu jengo unalolijua, au ukasikia sauti uliyowahi kuisikia redioni, ujue macho na masikio yako yana kasoro. Daktari anayehusika yupo hospitali ya rufaa kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa akiwa semina.

Mimi ni karani wa masijala katika Bohari ya Dawa ya wilaya yetu. Kazi yangu ni kupokea nyaraka, kuzifungulia majalada na kuzipanga kabatini. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili bila kupoteza waraka hata mmoja, na bila kuuliza swali hata moja. Sheria ya nchi yetu ni fupi, hata mtoto anaielewa: andiko lolote lenye namba ya kumbukumbu ni waraka, na waraka hutiiwa mpaka utenguliwe na waraka mwingine wenye namba kubwa zaidi. Nani kauandika haijalishi. Anayeuliza nani kauandika huhamishiwa wilaya isiyo na maji, na wilaya hizo, namshukuru Mungu, hatujapungukiwa.

Nieleze na bohari yenyewe. Mbele kuna chumba cha kusubiria chenye benchi moja refu na televisheni ukutani. Televisheni hiyo haizimwi. Kuna waraka wa zamani unaoagiza televisheni zote za ofisi za umma ziwe zinawaka muda wote ili wananchi wasije wakapitwa na hotuba ya Mkuu wa Nchi, na tangu ilipotundikwa hakuna aliyewahi kuigusa. Nyuma kuna ofisi yenye kompyuta, na pembeni ya kompyuta kuna friji ya insulini, dawa ya sindano ya wagonjwa wa kisukari. Utauliza kwa nini dawa ya wagonjwa inakaa bohari na si hospitali. Hospitali ilikuwa na friji yake nzuri tu. Ilihamishiwa nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya, ili soda za wageni wa Serikali zisipate moto.

Basi mgonjwa wa kisukari huja kwetu. Kompyuta humtolea Fomu Namba Tisa, mimi naipiga mhuri, friji inafunguliwa, naye anaondoka na kichupa chake. Bila fomu, friji haifunguliwi. Funguo za friji ni mbili. Mmoja anao Afisa Mfawidhi, na wa akiba hutunzwa masijala.

*

Jumatatu moja Bwana Kasiano Mtutuma, Afisa Mfawidhi wa Bohari, aliingia kazini saa nne asubuhi, akawasha kompyuta na kuanza kazi za Serikali. Alikuwa anatafuta tovuti ya kumtabiria mechi za mkeka wake wa kamari. Tovuti ikamwuliza kama anairuhusu imtumie taarifa. Yeye ni mtu mkarimu, akabonyeza Ruhusu. Akabonyeza na kitu kingine kilichokuwa kinamwekamweka pembeni.

Kioo kizima kikageuka chekundu. King'ora kikalia mpaka nikaangusha jalada. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma maandishi yaliyotokea, ikayarudia na kuyarudia bila kupumua:

"Onyo! Kompyuta hii imeshambuliwa na imefungwa kwa usalama wako. Usiizime. Usiondoke kwenye ukurasa huu. Piga simu namba ifuatayo ndani ya dakika tano. Ukikaidi, utawajibika kwa hasara yote. Namba ya kumbukumbu: 8800724419."

Bwana Mtutuma akasimama wima, mikono ubavuni.

"Karani, simama."

Nikasimama.

"Umesikia ilivyoanza?" akaninong'oneza. "Hakuna salamu. Hakuna tafadhali. Onyo moja kwa moja, halafu vitisho, halafu usiondoke. Hii imetoka juu, ndugu yangu. Juu kabisa."

"Na ina namba ya kumbukumbu, mzee," nikasema, maana macho yangu huenda kwenye namba kabla ya kwenda kwingine.

Tukaisoma ile namba, tukairudia. Tangu uhuru hadi Jumatatu ile Serikali yetu yote ilikuwa imetoa nyaraka elfu nne mia moja na kumi na sita. Huu ulikuwa na namba ya mabilioni. Hapakuwa na waraka wa kuutengua katika nchi nzima, wala usingepatikana hata kama wajukuu wa wajukuu zetu wangekaa wanaandika nyaraka bila kula. Bwana Mtutuma alijaribu, kwa unyenyekevu mkubwa, kubonyeza alama ya kufunga. Kurasa zikawa mbili, na ving'ora viwili. Akaona amejibiwa.

*

Kwenye benchi asubuhi ile walikuwepo wagonjwa na wauguzaji wao, majina ya wagonjwa kumi na moja kwenye orodha yangu. Alikuwepo Mzee Pazi, fundi cherehani mstaafu, na mkewe Bi. Mwanaheri aliyekuwa amebeba chupa ya uji usio na sukari. Na alikuwepo Stumai, ambaye wengi humwita Mama Zaituni, mwenye steshenari karibu na stendi ya mabasi. Pale anachapa barua, anatoa fotokopi na kuwafungulia watu barua pepe zao. Binti yake Zaituni ana miaka kumi na miwili na anachomwa insulini tangu akiwa na miaka sita. Kichupa cha nyumbani kilikuwa kimebaki na dawa ya siku nne.

King'ora kiliposikika, wote benchini walishtuka, isipokuwa Stumai. Yeye alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Hicho king'ora nakijua," akasema. "Wateja wangu wananiletea kila wiki. Si virusi wala nini, ni ukurasa wa matapeli wa mtandaoni. Wanakutisha ili upige simu, ukipiga wanaingia kwenye kompyuta yako. Msipige. Niruhusu niingie, dakika moja tu naufunga."

"Mama Zaituni, huo ni waraka."

"Waraka wa nani?"

Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu kasikia swali hilo.

"Una cheti cha uhandisi?" nikamwuliza.

"Nina steshenari."

"Basi kaa kwenye benchi."

Akakaa. Nililifurahia jibu langu mpaka saa sita mchana.

*

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Kanali Mstaafu, Daktari wa Heshima, Eliabu Ngwando, alifika Jumanne na magari matatu. Aliutazama waraka mwekundu kwa dakika nzima, kofia mkononi. Akaagiza kompyuta izungushiwe pazia kwa sababu ya usiri, iwekewe kiti kwa sababu ya heshima, na yeyote atakayepita mbele yake apige saluti. Kisha akatoka chumba cha kusubiria kuhutubia benchi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wilaya nyingine zinapewa barabara. Wilaya nyingine zinapewa maji. Sisi tumepewa onyo! Serikali haimpi onyo mtu isiyemjali. Katika wilaya zote za nchi hii, onyo limekuja kwetu. Pigeni makofi!"

Wakapiga makofi. Mzee Pazi naye alipiga, ni mtu wa adabu zake, ingawa midomo ilikuwa imeanza kumkauka.

Simu ikapigwa, na sauti ya spika ikafunguliwa ili wote tunufaike. Aliyepokea alijitambulisha kuwa ni Mhandisi Devid wa Makao Makuu. Makao makuu ya nini hakusema, na hakuna aliyekosa nidhamu kiasi cha kumwuliza. Alitwambia kwa ukali kwamba tumechelewa. Mheshimiwa akaomba radhi kwa niaba ya wilaya. Mhandisi akatuelekeza tuweke programu fulani ili atutengenezee kompyuta akiwa hukohuko aliko, nasi tukaiweka, na neno la siri tukamtajia herufi moja moja, Mheshimiwa akizitamka kwa sauti ya gwaride.

Mshale ukaanza kutembea wenyewe kiooni. Ulifungua mafaili, ukanakili majina ya wagonjwa, ukaingia mpaka kwenye akaunti ya mafuta ya gari la wagonjwa. Mheshimiwa aliupigia saluti kila ulipokatisha mbele yake. Kufikia alasiri, mafuta ya miezi mitatu yalikuwa yamehamia Makao Makuu, na ukurasa mwekundu ulikuwa palepale, unapiga kelele zilezile.

"Ng'oeni waya wa intaneti!" Stumai alipaza sauti kutoka benchini. "Huyo ni mwizi! Ng'oeni waya sasa hivi!"

"Nani huyo?" Mheshimiwa akauliza.

"Ni mama wa steshenari," nikajibu.

"Mwambie hii ni ofisi ya Serikali, siyo kibanda cha fotokopi."

Nikaenda, nikamwambia. Ndiyo kazi yangu, kufikisha ujumbe.

*

Nitakayosimulia sasa hayachekeshi. Nimejaribu kuyaandika kwa namna ya kuchekesha mara tatu, mkono umekataa.

Kila asubuhi watu wa benchi walikuja, wakapewa kadi za foleni, wakakaa. Kila jioni walirudisha kadi na kuondoka mikono mitupu. Hospitali iliwapa barua za kuwaleta kwetu, nasi tukawapa barua za kuwarudisha hospitali. Jumamosi, siku ya sita, tulifungua ofisi pia, kwa sababu waraka haupaswi kuachwa peke yake. Mzee Pazi alifika akiegemea mkongojo upande mmoja na mkewe upande wa pili. Tangu Alhamisi alikuwa anakunywa maji ya bomba bila kutosheka, na siku hiyo alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Kila aliyekaa bohari yetu anaijua harufu hiyo na maana yake. Mimi nimeijua kwa miaka ishirini na mbili.

Bi. Mwanaheri akaja dirishani.

"Mwanangu, friji naiona ile pale. Dawa imo?"

"Imo, mama."

"Sasa?"

"Hakuna fomu, mama. Kompyuta imefungwa."

"Kwani friji nayo imefungwa na kompyuta?"

"Imefungwa na utaratibu."

Alinitazama. Ana macho madogo, yana ukungu kidogo wa uzee.

"Na ufunguo anao nani?"

"Anao Afisa Mfawidhi, mama. Yuko kwenye kikao."

Nilisema kweli. Bwana Mtutuma alikuwa na ufunguo, na alikuwa kwenye kikao, wanajadili rangi ya pazia. Ufunguo wa pili ulikuwa mfukoni mwangu, mfuko wa kulia wa suruali, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Hakuniuliza kama kuna wa pili, nami sikuongeza neno, kwa sababu karani hujibu alichoulizwa.

Mzee Pazi alikata roho saa nane mchana, kichwa kikiwa begani kwa mkewe. Televisheni ilikuwa inaonyesha uzinduzi wa Wiki ya Afya. Baadaye, watu wote walipoondoka, nilipima kutoka kiti changu hadi kwenye friji. Ni hatua sita.

Nina hasira. Naiandika hapa kwa sababu masijala nzima haina jalada la kuiweka. Nina hasira na Bwana Mtutuma na mkeka wake. Nina hasira na Mheshimiwa na saluti zake, na soda zake zinazokaa baridi kwenye friji ya hospitali. Nina hasira na yule mwizi wa kwenye simu, ingawa yeye angalau alikuwa anafanya kazi yake. Na kuliko hao wote nina hasira na mtu aliyekuwa amevaa suruali ile.

Taarifa rasmi iliandaliwa Jumatatu. Sababu ya kifo: marehemu alikosa subira. Ikaandikwa na barua kwa mjane, yenye namba ya kumbukumbu, kumtaka arudishe kadi ya foleni ya marehemu ndani ya siku kumi na nne. Barua hiyo niliichapa mimi, kwa taipureta.

*

Siku ya tisa, Jumanne, Mheshimiwa aliwakusanya watumishi wote kwenda stendi kumpokea Mhandisi Devid, ambaye alikuwa ameahidi kwa simu kuja kupokea ngao ya shukrani ya wilaya. Walikwenda na vikundi viwili vya ngoma. Mimi nikaachwa kuulinda waraka.

Stumai aliingia akiwa amembeba Zaituni mgongoni, amemfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu ya msichana wa miaka kumi na miwili inaning'inia. Dawa ya siku nne alikuwa ameigawa gawa hadi ikafika siku ya saba. Mtoto alikuwa anahema haraka, macho nusu wazi. Niliisikia ile harufu kabla hawajafika dirishani.

"Karani," Stumai akasema. Hakupaza sauti. "Nenda kanawe mikono."

Nikaenda. Choo cha ofisi yetu hakina mlango, mlango ulikwenda kutumika kama meza ya kikao, kwa hiyo niliona kila kitu.

Alimlaza mtoto kwenye kile kiti cha heshima. Akavuta pazia likadondoka lote. Kwanza akang'oa waya wa intaneti. King'ora kikaendelea. Akashikilia kitufe cha juu kabisa kushoto mwa kibodi, ule wekundu uliojaa kioo kizima ukanywea ukawa dirisha la kawaida, dogo, lenye kingo. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Ikaja orodha ya programu zilizokuwa zinafanya kazi. Akakichagua kivinjari, akaamuru kifungwe.

Kimya. Nilisikia friji ikinguruma, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

Hakuishia hapo. Alikifungua kivinjari upya, nacho kikamwuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, akakataa. Akaingia kwenye mipangilio, akaikuta ile tovuti ya mikeka kwenye orodha ya zilizoruhusiwa kutuma taarifa, akaifuta. Akaitafuta programu ya Mhandisi Devid, akaing'oa nayo. Akabadilisha neno la siri. Akaiamuru kompyuta ijikague. Mimi nilikuwa bado nimeshika sabuni.

"Ingekataa kabisa, ningeshikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime," akasema bila kugeuka, kama anayemfundisha mteja wake. "Hakuna ambacho kingelipuka. Ni picha tu hii, karani. Siku tisa mmekaa mnaipigia saluti picha."

Akachapa fomu. Majina yalikuwa kumi na moja, zikatoka kumi na moja. Ya Mzee Pazi nayo ilitoka, maana kompyuta haikuwa na habari.

Nikazipiga mhuri zote. Hata ile.

Bwana Mtutuma akaingia mbio baada ya nusu saa. Mhandisi Devid alikuwa amempigia simu kulalamika kwamba wilaya imekata mawasiliano. Alifungua kinywa apige kelele, akaziona fomu mezani, zina namba, zina mhuri, na mkono wake ukaenda kwenye friji wenyewe kwa mazoea. Stumai akamchoma mtoto sindano palepale, akamkimbiza hospitali akatundikiwa maji. Kesho yake Zaituni aliomba chakula. Nusu saa ile, ufunguo wa pili ulikuwa bado mfukoni mwangu.

Alipomaliza kugawa dawa kwa mujibu wa fomu, Bwana Mtutuma akapiga simu polisi.

*

Shauri lilisikilizwa Jumatatu iliyofuata, palepale kwenye chumba cha kusubiria. Kompyuta ilikuwa imegeuzwa kielelezo, ikapigwa lakiri, na kielelezo hakihamishwi wala hakitoi fomu. Kwa hiyo benchi lilikuwa limejaa tena, wengine wapya, wengine walewale. Stumai alisimama katikati, askari amemshika mkono. Alikuwa amelala mahabusu siku sita. Shitaka lake lilikuwa kutengua waraka bila kuwa na waraka.

Bi. Mwanaheri alikuwepo. Alikuwa edani, na mjane aliye edani hatoki nyumbani, lakini barua ya kadi ya foleni ilikuwa na namba ya kumbukumbu. Alikaa mwisho wa benchi, kadi mkononi, mkongojo wa marehemu mapajani.

"Mshitakiwa," Mheshimiwa akaanza, "tangu nchi hii iundwe, kuna watu wamehukumiwa kwa wizi, kuna watu wamehukumiwa kwa kuua. Hayo ni makosa ya kibinadamu. Wewe umeinyamazisha Mamlaka ikiwa inazungumza! Ulijuaje kwamba waraka ule si halali? Ulisoma wapi? Nani alikutuma?"

"Mheshimiwa, mimi sikuangalia namba yake," Stumai akajibu. "Niliangalia tabia yake. Unakutisha kabla ya kukusalimia. Unapiga king'ora ili usipate nafasi ya kufikiri. Unakwambia usiondoke, usizime. Unakupa namba ya simu na kukuharakisha upige. Kompyuta ikiumwa kweli haikupi namba ya simu ya mtu. Ukiona mambo hayo, hujibu kitu. Unazima, basi."

Benchini nilimwona Bi. Mwanaheri akikunja vidole, kimoja kimoja.

"Unazima, basi!" Mheshimiwa akamwigiza, na maofisa wakacheka kwa kufuata vyeo. "Mahakama hii ya kiutawala imejiridhisha. Steshenari ifungwe. Na wewe utakwenda jela miaka..."

Hatukusikia ni mingapi. Televisheni ilipiga king'ora. Kioo kikawa chekundu chote, na katikati yake akatokea Mkuu wa Nchi, miwani myeusi, bendera tatu nyuma. Maofisa wote wakasimama wima, mikono ubavuni. Mimi pia.

"Onyo!" akasema Mkuu wa Nchi. "Nchi yetu imeshambuliwa. Kuanzia sasa imefungwa kwa usalama wenu. Asiondoke mtu mahali alipo. Asizime mtu televisheni. Kila raia apige namba inayopita hapo chini ndani ya siku mbili na kutoa maelezo yake yote. Atakayekaidi atawajibika kwa hasara yote. Onyo! Nchi yetu imeshambuliwa..."

Imeshambuliwa na nani, hakusema. Alianza upya, na king'ora kikaanza upya.

"Haikusalimia," Bi. Mwanaheri akasema.

Hakuna aliyegeuka. Maofisa hawageuki wakiwa wamesimama wima.

"Ina king'ora," akaendelea, vidole vinahesabu. "Usiondoke, usizime. Inataka upige simu. Inataka haraka." Akavitazama vidole vyake, vyote vilikuwa vimekunjwa. Akainuka taratibu, kwa tabu ya miguu, akasogea hadi ukutani, akanyanyua mkongojo wa mumewe na kwa ncha yake akabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya televisheni.

Ikazimika.

Ukuta ulionekana mkubwa ghafla. Friji ilisikika ikinguruma.

"Washeni!" Mheshimiwa akapiga kelele. "Washeni haraka!"

Bwana Mtutuma alipapasa televisheni pembeni na nyuma, jasho linamtoka. Haikuwahi kuzimwa tangu itundikwe, na katika nyaraka zote za nchi yetu hakuna hata mmoja unaoeleza namna ya kuiwasha. Benchini mtu mmoja akacheka. Akafuata mwingine. Askari aliyemshika Stumai akamwachia mkono, akatoa kadi ya foleni kwenye kofia yake na kwenda kukaa. Ilikuwa ya mama yake, namba saba. Mheshimiwa alibaki amesimama katikati ya chumba, anangoja kuambiwa akae.

Ndipo nilipoingia ofisini. Sikukimbia. Nilizihesabu zile hatua, nikatoa ufunguo na kamba yake ya kiatu, nikafungua friji bila fomu, bila mhuri, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Baridi ikanipiga usoni. Nikavipakata vichupa, nikarudi navyo chumba cha kusubiria, ufunguo unaning'inia kidoleni.

"Njooni mchukue," nikasema. "Njooni wote."

Wakaja, wakanizunguka, mikono mingi. Bi. Mwanaheri hakuja. Alikuwa amesimama chini ya televisheni, kadi ya mumewe mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili, na hakuwa anaangalia dawa. Alikuwa anaangalia kidole changu.

"Kumbe ulikuwa nao," akasema.